Ufunguo wa Choo cha Amalemba

Baba yangu aliitwa Shiundu na mama yangu Nabwire. Nilizaliwa karibu na Butere, mahali ambapo mlio wa treni ulitufikia kabla hatujauona moshi wake. Shule sikupelekwa. Niliolewa Mayoni, nikalima miwa pamoja na mume wangu mpaka alipofariki, kisha nikalima peke yangu. Jina langu ni Rispa. Haya ninayasema kwa mdomo, na anayeandika ni mjukuu wangu Nekesa, mtoto wa binti yangu Felista. Nimemwagiza kwamba ninaposema choo aandike choo. Ameniomba tutafute neno lenye heshima zaidi, nami nimemjibu kwamba ugonjwa wenyewe haukunitafutia neno la heshima.

Ninayasema kwa ajili ya wazee wanaopelekwa mjini kutibiwa na kulala kwa watoto wao. Daktari huwauliza wanaumwa wapi, na wao hutaja mahali. Liko jambo jingine ambalo hawaulizwi wala hawalitaji, na jambo hilo linaweza kuwaua kabla ya ugonjwa. Mimi lilinikaribia sana. Sasa nimepona, nami nina mjukuu wa kuambiwa, kwa maana kwetu nyanya humwambia mjukuu mambo ambayo hawezi kumwambia mtoto wake wa kuzaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa mvua ndefu. Chemchemi yetu ya Mayoni ilibadilika rangi, na nyumba nyingi ziliugua tumbo la kuendesha. Mimi niliugua nikabaki mifupa. Kwenye zahanati walininywesha maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe, wakanipa na vidonge, na kuhara kukakoma. Wengine waliopona siku zile walirudi shambani. Mimi tumbo langu halikurudi mahali pake. Lilifunga. Likifungua, lilifungua kwa maumivu na damu kidogo, kisha likafunga tena. Mahindi yalipoanza kukauka shambani, mhudumu wa zahanati alinitazama macho na kucha, akasema niende hospitali kubwa ya Kakamega, na kwamba nitatakiwa kurudi huko kila wiki hadi wajue ni nini.

Kutoka Mayoni hadi Kakamega na kurudi, kwa mtu asiyeweza kukaa kitako, si jambo la kila wiki. Felista alikuwa ameolewa na Makokha, fundi wa mbao, nao walikuwa wamepanga nyumba Amalemba, mtaa wa Kakamega mjini. Akaja kunichukua.

Msomaji asiye wa kwetu aelewe jambo moja. Mama hakai na mkwe wake wa kiume kama anavyokaa na mwanawe. Hawashikani mikono. Hawaketi meza moja. Akija huku, yule hupita kule. Mama halali chini ya paa la mkwe wala haoni kitanda chake. Hiyo ni heshima, na mimi nimeishi nayo bila kuona uzito wake. Makokha alikuwa amelelewa vizuri na aliyajua hayo yote. Kabla sijafika alikisafisha chumba cha jikoni kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba, chenye mlango wake, akanitengenezea kitanda kipya ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilalia. Chakula changu kililetwa huko. Alifikiria mahali pa kulala, mahali pa kula na mahali pa kuota jua. Jambo moja halikumjia, wala halikumjia Felista, nami sikuwa na mdomo wa kulisema. Pale kwenye uwanja palikuwa na choo kimoja cha shimo, nacho kilikuwa choo cha Makokha.

Mama mkwe haingii mahali mkwe wake anapovulia nguo. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa kwetu.

Basi nikafanya hesabu ambayo nadhani wanawake wengi wa umri wangu wameifanya wakiwa mjini. Kisichoingia hakitoki. Niliacha maji kwanza, kisha chai, kisha nikapunguza obusuma, ugali wetu, hadi tonge la kuonja. Siku ya kliniki nilitumia choo cha hospitali, na Jumapili nilitumia cha kanisa. Siku nyingine nilijizuia. Haja ndogo niliimaliza alfajiri nyuma ya jiko, penye migomba. Haja kubwa ilikuja mwanzoni, ikabisha hodi, nikaikatalia. Baada ya muda ikaacha kubisha. Nilidhani nimeishinda.

Felista aliona sahani zinarudi zimejaa, akaelewa vibaya. Siku moja alinichinjia ingokho, kuku kamili kwa ajili yangu, nami nikala kipande kimoja na kukisukuma chombo.

"Mama, chakula changu kina kasoro gani?" aliniuliza, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Hakina kasoro."

"Kwa mke wa kaka huko nyumbani unakulanga mpaka unalamba vidole. Kwangu unaonja kama mgeni wa serikali."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Upepo?"

Alibeba chombo, akaenda kulilia jikoni kwa jirani. Tulikaa hivyo kwa majuma kadhaa, yeye akiamini kwamba ninamdharau, mimi nikiamini kwamba binti niliyemzaa anapaswa kujua bila kuambiwa. Baadaye alijua. Aliona njia yangu ya asubuhi kwenye migomba, akaja mchana nilipokuwa naota jua, akaniinamia sikioni.

"Mama, kumbe ni choo? Baba Nekesa ameenda kazini. Ingia tu, nitasimama mlangoni."

"Akienda kazini, choo kinaenda naye?"

"Hatajua."

"Mimi nitajua."

"Basi nimwambie?"

"Utamwambia mume wako habari za tumbo la mama yako? Utaanzia neno gani?"

Alijinyoosha, akaikaza leso ya mgongoni. Nekesa, wewe ulikuwa mgongoni mwake siku hiyo, mtoto wa kubebwa, na wakati huo huo ulikuwa unamlowesha. Ulijisaidia popote bila kuuliza ni kwa nani. Nilikuonea wivu.

Kisha likaja jambo ambalo lilitudanganya sote. Tumbo lilianza kuendesha tena. Maji membamba yenye harufu mbaya yalinitoka bila ruhusa yangu, kidogo kidogo, yakiharibu nguo, hata nikafunga vitambaa kama wewe. Na tumbo lilikuwa gumu mbele kama kibuyu. Mimi nilisema, "Ninahara." Felista alikwenda kwenye duka la dawa akasema, "Mama anahara." Muuzaji alimpa vidonge vya kuzuia kuhara, kama ambavyo yeyote angempa mtu aliyesema hivyo. Nilivimeza. Maji yakakoma. Kila kitu kikakoma. Hata upepo haukupita. Hili nalirudia kwa ajili ya mgonjwa atakayesomewa: ikiwa umefunga choo kwa muda mrefu, kisha maji yakaanza kuvuja, usiseme tu kwamba unahara. Sema yote mawili, lililotangulia na lililofuata. Yale maji yalikuwa yanapenya pembeni mwa choo kilichokauka ndani kama jiwe.

Nilianza kutapika. Walinipeleka hospitali kwa mkokoteni wa kubebea mbao, wa karakana ya Makokha. Yeye mwenyewe hakuusukuma. Alitembea nyuma, mbali, ili asinione nimelala.

Pale tulingoja kwenye benchi la mbao, zamu yetu ikisogea polepole, mtu akiinuka mwisho wa benchi na sisi wote tukijisukuma nafasi moja. Mbele yangu mtoto alikuwa anakula mhogo, na harufu yake ilinitesa kuliko maumivu. Nilipolazwa, daktari aliniminya tumbo, wakanipiga picha, akarudi akaniambia kwa kifupi.

"Mama, utumbo umeziba. Tutajaribu kuuzibua kutoka chini. Usipozibuka, tutapasua, na huenda utumbo ukatolewa hapa ubavuni uingie kwenye mfuko. Unaelewa?"

Nilielewa. Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala mwanamke mwenye mfuko huo. Alikuwa anaufunika kwa mkono kila alipopita mtu.

Kuzibuliwa sitakueleza kwa urefu, si kwa aibu bali kwa sababu hakuna cha kujifunza. Maji ya sabuni yalipitishwa kwa mpira. Muuguzi alivaa glavu na kufanya kazi kwa vidole, huku akiniimbia wimbo wa kanisa, nami nilikuwa natazama ukutani, mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka ikawa na umbo kama la jembe. Alikuwa na umri wa kuwa mjukuu wangu. Alipomaliza alininawisha kwa maji ya moto, akanipaka mafuta miguuni ingawa miguu haikuwa na kosa lolote. Hayo mafuta nayakumbuka kuliko maumivu. Kazi hiyo ilirudiwa kesho yake na siku iliyofuata, hadi tumbo likalala chini.

Daktari akarudi. "Sasa kazi ni yako," alisema. "Dawa hii ya maji, kila jioni. Maji ya kunywa, mengi. Uji wa moto asubuhi, halafu uingie chooni ukae, ije isije, ukae. Kila asubuhi bila kukosa. Utumbo umesahau kazi, lazima ufundishwe. Ukijizuia tena, tutakutana kwa kisu. Choo kiko karibu huko unakokaa?"

"Kiko karibu," nilisema. Wala sikusema uongo.

Mwanamke wa kitanda cha kando yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Mumias, Mwislamu, akiitwa Mama Zuhura. Alikuwa ametolewa uvimbe na alikuwa anapona kwa kelele. Aliamkia wodi nzima kwa salaam aleikum kila asubuhi, na asiyeitika alirudiwa mpaka aitike. Daktari alipoondoka, aligeuka akanitazama kwa jicho moja.

"Mama Felista, unakaa kwa nani?"

"Kwa binti yangu, Amalemba."

"Ameolewa?"

"Ameolewa."

Alicheka mpaka akashika mshono wake. "Yaa Rabi! Kwa hivyo umeziba kwa sababu ya mkwe!"

"Punguza sauti."

"Mimi nilijibana hivyo hivyo kwa mkwe wangu kule Matungu, nikarudi nyumbani nikitembea kama bata. Na sisi Waislamu tumeambiwa mkwe ni kama mtoto! Umemwambia?"

"Hilo haliambiwi."

"Basi utapasuliwa, na mkwe wako atakuja kukuzika na koti lake safi."

Nilijua kwamba anasema kweli, na nilijua pia kwamba siwezi. Nilipima mambo mawili, kisu na maneno, nikaona kisu ndicho chepesi. Nakueleza ili ujue watu wenye akili timamu hufika wapi.

Makokha alikuwa anakuja kila jioni baada ya kazi. Hakuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha, pembeni, mahali ambapo bega lake tu lilionekana, akampa Felista chupa ya uji na kuuliza habari zangu. Jioni ya siku hiyo Felista alikuwa ameenda kuniombea dawa. Bega likatokea dirishani. Mama Zuhura akajikokota hadi pale.

"Wewe ndiye fundi? Mkwe wa huyu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unampenda mke wako?"

"Nampenda."

"Basi sikiliza vizuri, maana hawa wako hawatakwambia mpaka kiyama. Mama mkwe wako haumwi na wachawi. Anaumwa na choo chako. Hawezi kukiingia. Amejizuia tangu alipofika kwako, na daktari amesema akijizuia tena anapasuliwa. Umesikia?"

Nilivuta blanketi likafunika kichwa. Nilikaa humo, katika joto la pumzi yangu mwenyewe, nikingoja atasema nini. Kisha nilisikia akisema, polepole, kama mtu anayepima ubao, "Nimesikia, mama. Asante." Na bega likaondoka.

Mama Zuhura alirudi kitandani, akajilaza. "Sasa nichukie," alisema. "Nimezoea."

Nilimchukia hadi nilipotoka hospitali.

Siku niliporuhusiwa, mvua ndogo ilikuwa imeanza. Felista alinishika mkono tukaingia uwanjani. Mlango wa choo ulikuwa umepigwa komeo jipya, nalo lilikuwa na kufuli. Felista akafungua kona ya leso yake akanipa ufunguo.

"Baba Nekesa amesema choo ni chako. Yeye hataingia tena. Amehamia choo cha jirani, Baba Musa."

"Na wewe?"

"Mimi na mtoto ni wako. Tutakuomba ufunguo."

Sikukubali siku hiyo. Nilikaa kitandani nikiushika ufunguo, nikafikiri. Choo ni cha nani? Ni cha aliyekichimba, au cha mwenye nyumba anayelipwa kodi, au cha anayekitumia? Aliyekichimba hakuna aliyemjua. Mwenye nyumba alikaa mbali. Mwenye kukitumia alikuwa amekiacha, akakifunga na kunipa ufunguo kwa mkono wa mke wake. Mtu akiacha kitu kwa namna hiyo, hakirudi kuwa chake. Nilijibishana na mama yangu Nabwire, aliyekuwa amekufa zamani, nikamshinda.

Asubuhi nilikunywa uji wa moto, nikafungua kufuli. Ndani palinukia mbao mbichi. Makokha alikuwa amejenga sanduku juu ya shimo, lenye tundu la mviringo, ili mwanamke mwenye magoti yangu akae badala ya kuchuchumaa. Alikuwa amelipiga msasa pote, hata upande wa chini ambao hakuna mtu angeugusa. Kioo chake cha kunyolea kilikuwa kimeondolewa ukutani. Msumari wake ulibaki. Niliketi. Hakikuja kitu. Nilikaa kama nilivyoagizwa, nikisikiliza mvua kwenye bati, nikatoka. Kesho yake vilevile. Felista hakuniuliza, ila alinitazama usoni kila nilipotoka. Nilianza kuwaza juu ya mfuko wa ubavuni, na jinsi nitakavyoufunika kwa mkono.

Kila asubuhi nilipokuwa humo nilisikia kikohozi. Alikuwa Makokha, anavuka uwanja kwenda kwa Baba Musa, taulo kichwani kwa ajili ya mvua. Alikohoa ili nisitoke tukakutana. Siku moja nikamsikia Baba Musa akimcheka uani.

"Fundi! Mwanamume mzima amefukuzwa chooni kwake!"

"Sijafukuzwa," Makokha alisema. "Nimepangisha."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu mkubwa kuliko wewe. Toka, nina haraka."

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu, nimeketi kwenye mbao za mkwe wangu, na nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ndefu. Na tumbo likafanya kazi yake. Halikuwa jambo kubwa kwa kipimo cha mtu mzima wa afya. Nilitoka nikafunga kufuli, nikamwambia Felista, "Nipikie ingokho." Akaketi chini penye matope akalia, mimi nikamwambia ainuke asiharibu nguo.

Hatukufika mwisho siku hiyo. Dawa ya maji niliinywa hadi mvua ndogo ikaisha. Ziko asubuhi nilizokaa bure, na ziko siku za kurudi kwenye benchi lile la kusogea. Miwa ilipochomwa na majivu yake meusi yakaanza kudondoka, daktari aliniminya tumbo kwa mara ya mwisho, akasema ni laini na kisu hakitahitajika. Aliniuliza ni dawa gani iliyonisaidia zaidi. Nilimwambia nimepewa choo. Aliandika kitu, sijui kama aliandika hicho.

Niliporudi Mayoni nilimwachia Felista ufunguo amrudishie mumewe. Mume aliurudisha kwangu kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja sokoni, na ujumbe kwamba Felista na mtoto wamechongewa wa kwao, huu una mwenyewe. Makokha hakukiingia choo kile tena hadi walipohama Amalemba. Alipojenga kwake, alichimba vyoo viwili, na cha pili kilimalizika kabla nyumba haijawekwa milango. Mimi na yeye hatujawahi kulizungumza jambo hili. Bado akija huku, mimi hupita kule. Sijaona sababu ya kuacha.

Sasa, Nekesa, wewe umechumbiwa. Haya ndiyo utakayoyatunza. Karatasi hizi wape wagonjwa wasome, au uwasomee wasiojua. Ufunguo huu unabaki kwako. Choo cha Amalemba kilishabomoka, kwa hiyo usitafute mlango wake. Utauweka mpaka utakapokuwa na nyumba, na siku mama yako atakapotumiwa nauli aje kwako, utamwonyesha mumeo ufunguo huu kabla mama hajafika. Akikuuliza ni wa wapi, mweleze yote kama nilivyoyasema. Akicheka, mwache amalize kucheka. Kisha mpe jembe, umwonyeshe mahali pa kuchimba.